Chumba Namba Kumi na Moja

Jiki kwenye ndoo, kisha asidi ya choo juu yake,
maana meneja alitaka vigae ving'ae kabla ya saa nne,
kuna wageni wa harusi kutoka Molo.
Dirisha la bafu la gesti ile ya Bondeni
halijafunguka tangu lipakwe rangi.
Muhonja akainama kusugua.
Kilichoinuka kilikuwa na rangi ya ndimu iliyoiva, kizito,
kikamwingia kama mtu mwenye ufunguo.

Alitoka akikohoa, akanywa maziwa, akamalizia ngazi.
Jioni, Kaptembwa, alisonga ugali,
akanicheka niliposema twende hospitali:
"Ni harufu tu, Kevogo. Harufu haiui."
Saa saba usiku niliamshwa na sauti ninayoijua kazini,
bomba linalovuta hewa na maji kwa pamoja.

Mimi ni fundi wa bomba. Miaka kumi na tisa
nimelala chini ya masinki ya watu wa Nakuru.
Daktari, binti mdogo, Chelang'at jina lake,
aliponiona simwelewi alichora nyuma ya bahasha ya eksrei:
kifuko cha hewa, kidogo kuliko punje ya wimbi,
mshipa wa damu umekikumbatia,
na kati yao ukuta,
"mwembamba," akasema, akatafuta mfano, akakosa.
Kama utando wa maziwa yaliyopoa?
"Mwembamba kuliko huo. Mara nyingi."

Gesi ilikutana na unyevu, ikawa asidi tena,
ikachoma ukuta. Hilo nililielewa.
Kilichofuata nikaomba arudie.

Kwamba mwili ulipiga nduru.
Kwamba chembe nyeupe zilikuja mbio kutoka kila kona ya damu
kama sisi wa Kaptembwa moto ukizuka:
huyu na ndoo, yule na shoka,
tunang'oa mabati ya jirani ili moto usivuke,
tunakanyaga godoro, tunavunja kabati la vyombo,
na asubuhi hakuna awezaye kusema
nini kiliharibiwa na moto na nini na wema.

"Hizo zinazombomoa," nikauliza, "ni zake mwenyewe?"
Chelang'at akafunika kalamu.
"Ni zake. Zinamtetea."

Ukuta ukivuja, maji ya damu huingia panapokaa hewa,
yakaosha ule utelezi unaozuia vifuko kushikamana.
Unaikumbuka mifuko ya nailoni, kabla haijapigwa marufuku,
ikilowa ndani, muuza nyanya akiifikicha, akiipuliza,
na bado haifunguki?
Ndivyo. Mamilioni.
Oksijeni inapiga hodi na ndani ni maji matupu.

Fundi hutafuta kwanza mahali pa kufungia.
Nilitazama mchoro ule mpaka karatasi ikalegea mkononi.
Hapana pa kufungia.
Kuna kungoja ukuta ujishone, na mashine
inayompa pumzi ndogondogo, za kupimiwa,
kwa sababu pumzi kubwa nayo hurarua.
Hilo sikuhitaji kuelezwa.
Nimewahi kupasua bomba la mjane wa Section 58
kwa kumfungulia maji kwa pupa.

Siku ya tatu wauguzi wanne walimgeuza kifudifudi
ili upande wa mgongoni, uliolemewa, upate hewa.
Saa kumi na sita.
Mke wangu, uso chini, mbele ya sakafu,
kama kazini.
Ilikuwa sakafu safi. Niliikagua kwa niaba yake kupitia kioo,
nikaona doa karibu na gurudumu la kitanda,
ambalo yeye angelirudia.

Meneja ametuma elfu mbili na swali: anarudi lini?
Sijamjibu.
Nilipita Bondeni na patasi, nikapanda bila kusalimia mtu,
nikakwangua rangi pande zote nne
mpaka dirisha likalia, likaachia,
na baridi ya Menengai ikaingia namba kumi na moja
bila kulipa.