Sahihisho

Jaribio la muhula wa pili, swali la nne:
Kamilisha methali. Mfa maji…
Ogweno aliandika, kwa zile herufi zake zilizolala:
haachi kutapatapa.
Nikatia alama ya vema. Mbili juu ya mbili.
Wino mwekundu.

Jumamosi mvua ilikuwa imejaza shimo la mawe kule Kajulu,
walikochimba kokoto za barabara wakaenda zao,
bila ua, bila hata kibao.
Watoto sita waliingia kuoga.
Dadake, Apondi, alikuwa hatua nne tu kutoka hapo,
anafua sare;
alimwona ameinua uso, kinywa usawa wa maji,
kama mtu anayetazama ndege.
Akadhani anacheza.
Alipokamua soksi ya pili
maji yalikuwa yametulia.

Methali ilinidanganya, nami nikamdanganya yeye.
Mfa maji hatapatapi. Hana pumzi ya kuita mama.
Mikono hukandamiza maji
kama ya mtu apandaye ngazi isiyokuwepo,
na dakika haijatimia.

Lugha yangu hii imejaa maji hadi shingoni:
ukiyavulia nguo, usiyoyafika, yakimwagika, ya kifuu,
nimeyafundisha yote miaka kumi na tisa
nikiwa sijui kuelea.
Naam, mimi, mzaliwa wa kando ya ziwa.
Mama alinikanya nisiyakaribie, basi;
hilo ndilo lililokuwa somo zima.

Bi Aduda wa zahanati alicheka aliponiona kwa kaptura.
Kisha akaacha kucheka. Akanipa mtungi wa mafuta ya kupikia,
mtupu, lita tano, kifuniko kimekazwa:
Kumbatia. Lala chali. Masikio ndani.
Maji yakaniingia masikioni, ulimwengu ukanyamaza,
nikajua alichosikia Ogweno.
Nikasimama nikilia.
Akasema: Rudi.

Sasa kila Alhamisi, darasa la tano,
tuko kwenye kidimbwi cha chuo, maji ya kiunoni,
ishirini na wanane, wawili wawili,
kila mtu na mwenzake wa kumchunga.
Tunakariri:
Usimrukie. Mrushie.
Mtungi, kamba, tawi, leso, chochote kinachofika.
Lala kifudifudi ukingoni, usivutwe. Ita mtu mzima.
Shikuku hutaka kupiga mbizi kabla hajajua kuelea;
namrudisha ukingoni, ananuna.
Na anune.

Shimo bado liko. Barua tatu kwa kaunti.
Ua wa mikonge tumepanda wenyewe,
na mitungi mitatu inaning'inia kwenye nguzo.
Kamba moja iliibwa. Tukafunga nyingine.

Apondi huja. Haingii majini.
Hukaa kando, akihesabu vichwa kwa sauti,
na akifika ishirini na wanane
huanza upya.

Karatasi ya Ogweno ninayo.
Vema ile sikuifuta; jibu lilikuwa langu, si lake.
Pembeni, kwa wino uleule, nimeandika:
Mfa maji hunyamaza. Tazama.