Mlango wa Duka la Dawa

Kuta zilipokwisha, pesa nazo zikaisha,
kama watu wawili waliopatana kuondoka pamoja.
Tukabaki na nyumba isiyo na macho,
matundu ya madirisha, matundu ya milango,
nyaya zikining'inia darini kama ndevu za kambare.

Zahor akanunua daftari. Ukurasa wa kwanza akaandika
«Majlisi», akapiga mstari mara mbili.
Nikachukua kalamu, juu yake nikaandika
«Jiko», nikapiga mstari mara tatu.
Siku mbili tukasemezana kupitia watoto.
Siku ya tatu alirudi na njaa, akakuta chai kavu.
Jiko likabaki juu.

Hapa Amerat milima imetuzunguka kama wadai:
haisemi kitu, inangoja tu.

Ijumaa asubuhi tulishuka Wadi Kabir
kwenye mabaki ya vigae: maboksi manne ya rangi hii,
sita ya ile, tisa yaliyomeguka pembe.
Muuzaji akasema, hii bei ya jumla.
Nikamwambia, jumla ya nini,
na wewe huna viwili vinavyofanana?
Akacheka, akapunguza riyali tatu na baisa mia tano.
Kwa hiyo sebule yangu ni ya kijivu mpaka kwenye sofa,
na chini ya sofa ni kahawia.
Anayejua ni Mungu, mimi, na fundi Rofikul,
na sasa wewe.

Rofikul wa Sylhet hupima kwa uzi na jicho moja.
Nilimwuliza kama kwao ana nyumba.
Anayo, akasema, inajengwa, huu mwaka wa kumi na moja,
chumba kimoja kila anapopata likizo.
«Milango bado, mama.»
Akarudi kugonga kigae kwa mpini wa nyundo,
akitega sikio, kama daktari juu ya kifua cha mtoto.

Hita za maji tulizifuta daftarini.
Anasa, nilisema; nchi hii jua lenyewe ni hita.
Ikaja Juni. Tangi likachemka juu ya paa,
bomba la baridi likatoa chai isiyo na majani.
Bi Shinuna wa nyumba ya pili alicheka hadi akakaa chini:
«Mwanangu, hita ni ya joto hili hili! Unaizima,
maji yanalala humo ndani, kivulini, yanapoa,
unaoga kwa bomba jekundu.»
Miaka tisa ya kupanga ghorofani hita zilikuwepo ukutani
na sikuwahi kuziuliza zinafanya nini.
Tukanunua moja, ya mtumba. Haijawahi kuwashwa.

Mama mkwe alitaka mlango wa kuchonga
wenye misumari ya shaba, kama wa kwao Wete,
alikoondoka na umri wa miaka saba.
Bei yake ilikuwa jiko zima pamoja na sufuria.
Zahor akaja na pikapu ya kuazima
na mlango wa aluminiamu wa duka la dawa
lililofungwa Ruwi: riyali ishirini na tano, vioo juu yake.
Kwenye kioo, kwa Kiarabu, herufi nyekundu: SUKUMA.
Tulikwangua kwa wembe, kwa spiriti,
kwa maji ya moto ya bomba la baridi.
Herufi zikagoma.

Kisha vigae vya mlangoni vikatokea vinene
kuliko vile vya ndani, mlango ukakwama.
Rofikul akaugeuza, ukafungukia nje.
Unaandikwa sukuma, unavutwa.

Mama mkwe aliutazama kitambo, akasema,
«Haya,» akausukuma.

Wote husukuma. Shemeji, mtoza umeme,
watu wa Idi waliokaa majlisini
juu ya boksi la friji lililokunjuliwa.
Husoma, huegemea kwa bega: dupu.
Sisi jikoni tunasikia, naongeza maji kwenye birika.
Kengele tumeifuta daftarini.