Nakala Kivuli

Alikuja stesheneri yangu Ligula, siku ya umeme wa kubahatisha,
akavua kofia, akaweka kaunta karatasi nne zilizoungwa kwa selotepu.
"Mama Nachihangu, nitolee kopi. Mbili. Usikate pembe."
Kiswahili chake cha miaka ishirini ya korosho.

Ulikuwa mti wa ukoo, shina juu, matawi yakining'inia.
Juu kabisa Goberi, mlisha farasi,
aliyempa mfalme farasi wake
siku mfalme alipotupwa mtoni na wa kwake.
Kwa mnyama mmoja akapewa bonde, mnara,
na neno: duki.
Wa pili akaoa misitu.
Wa tatu akaichezea kamari.
Wa sita walimpeleka kwa mkokoteni, shati limekatwa kola,
watu wakipiga makofi.
Mwanawe akarudi toka ukimbizini, akakuta mawe ya mnara
yamejenga zizi la jirani.
Neno likabaki. Neno halili, halidai bati.

Chini kabisa yeye, Ogustini,
na chini yake weupe.

"Na huyu wa pembeni?"
"Dada yangu, Klotilda. Ana kijana, mwoka mikate."
"Si ndiye huyo, basi!"
Akatabasamu kama aliyeng'ata ganda la korosho mbichi:
"Kwetu jina halipiti tumboni mwa mwanamke."

Mashine humeza moja moja. Nikabandua selotepu,
vizazi vikaachana.
Nikamwambia habari za Newala: tulipomzika mjomba Nantule,
wazee wa litawa hawakumtazama mwanawe.
Walimwita wangu, Chipata, fundi pikipiki,
kucha zina grisi,
wakamkalisha mkekani pa mjomba, wakamwita Nantule.
Mjane akaitikia.
Sikumwambia kwamba yule mwana wa marehemu
hatusalimii mpaka leo.

"Kwa hiyo kwenu ningekuwa na mrithi," akasema,
kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

Umeme ukakatika. Karatasi ya mwisho ikakwama nusu:
upande wa Klotilda umetoka, wa duki mweupe.
Hakusubiri. Akalipa mia nane kamili,
akakunja mababu, akavaa kofia.
Ile nusu akaniachia.

Jioni nikachukua kalamu, niandike chini ya Klotilda
jina la kijana.
Nikakumbuka sikuuliza.
Na yeye, muda wote ule, hakulitaja.