Kijiko cha Ziada

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, Vrbinka.
Ukungu haujabanduka mtoni.
Kabichi zimeshushwa trela mbili uwanjani,
bendi ya zimamoto inapasha tarumbeta kwa pumzi,
na watoto wameketi kwenye benchi, suruali zimekunjwa magotini.
Muuguzi Žofia anawasugua miguu kwa maji ya vuguvugu,
kidole kwa kidole, kucha kwa kucha,
maana miguu hiyo ndiyo itakayokanyaga kabichi pipani
mpaka itoe machozi yake yenyewe.
Mwanangu Matej hajiwezi kwa kicheko. Anatekenyeka.

Meya anapanda jukwaani kusimulia asili.
Huisimulia kila mwaka, na kila mwaka inanenepa:
kwamba vita vilipokwisha, vile vya kwanza,
wanaume walirudi wachache, na waliorudi hawakurudi wazima;
kwamba baridi ilibisha hodi mapema,
kabichi ikiwa tele na chumvi hakuna;
kwamba mjane Verona Hrušková
aliliviringisha pipa lake hadi mlangoni pa kanisa,
akagonga mfuniko kwa mwiko:
Kila nyumba, kijiko kimoja!
Kijiko na kijiko, pipa likajaa,
wala hakuna aliyezikwa kwa njaa.

Tunapiga makofi.
Mwalimu Ondrej, aliyelisoma daftari la paroko,
hukohoa hapo hapo.
Daftari, asema, lina mstari mmoja tu kuhusu siku hiyo:
"Mvua. Watu wamegombania pipa."

Kisha karani anafungua orodha ya nyumba.
Zilikuwa mia na kumi na mbili;
moshi sasa unatoka arobaini na moja.
Lakini majina yote husomwa,
na jirani humwitikia jirani aliyeondoka.
Hudák? Chumvi ipo.
(Yuko Dublin, anaendesha lori.)
Bartoš? Chumvi ipo.
(Yuko makaburini na mkewe; bomba lao limepasuka tangu Februari.)
Sopko?
Kimya.
Sopko?
Kitoto cha watu wengine kinachomoka mbio,
kijiko kimeinuliwa kama mshumaa,
nusu ya chumvi imeshamwagika njiani.
Chumvi ipo!

Karani husoma upesi.
Baada ya kumi na tatu anasoma kumi na tano.

Bibi yangu alikuwa akija na vijiko viwili:
kimoja mkononi, kingine ndani ya leso.
Nilimuuliza nikiwa na miaka tisa.
Alitazama mto kwanza.
Nyumba zisizo na chumvi, akasema,
zilileta vijiko vya nini?

Chumvi ilitoka dukani kwa Armin Grünfeld,
nyumba nambari kumi na nne, magunia mawili, kwa mkopo.
Aliandika deni kwa penseli,
na daftari lile hakulifungua tena mbele ya mtu.
Dukani pale leo wanauza simu.
Aprili ya arobaini na mbili alipelekwa stesheni
na binti zake watatu,
majina yameandikwa kwa chokaa juu ya mabegi.
Bendi haikupiga siku hiyo.
Wala hakuna aliyesimama njiani.
Bibi alikuwa dirishani, ana miaka kumi na sita,
anamenya viazi.
Mwaka uliofuata orodha ilinakiliwa upya,
kwa mwandiko mzuri sana.

Dawa ya deni ni kulipa, tunasema,
na mdai akishaondolewa?

Zamu ya Matej imefika. Yumo pipani hadi kiunoni,
kisibiti kimemganda kwenye magoti,
vipande vya tufaha vinateleza chini ya nyayo zake.
Nainama kana kwamba namkunjia mkono wa shati.
Nafungua leso.
Ananiona. "Mama, si umeshatia?"
Kanyaga, namwambia. Jioni nitakueleza.

Nikiinuka, upande wa pili wa pipa
mwalimu Ondrej anakung'uta leso yake tupu,
anaikunja mara nne, anaitia mfukoni,
anaangalia mawingu.
Sijui ameanza lini. Sikumuuliza.

Desemba pipa litafunguliwa.
Watu watakunja nyuso: mwaka huu tena, kali!
Watakunywa maji.
Watarudia sahani.