Hakuna Mabadiliko

Gaylen Vrbka, nakukumbuka ulivyoingia
ukumbi wa kanisa na kizibao cha manjano,
beji tatu, redio mbili kiunoni, tochi nne,
na buti mpya zilizolia sakafuni kama bata.
Nje, gari lako lilikuwa na antena saba.
Nilizihesabu.
Hata nungunungu hulaza miiba akila.

"Nimekuja kuokoa," ulisema,
na sisi wazee wanne, wenye chupa moja ya kahawa
na betri ya trekta iliyofungwa kwa kamba,
tukatazamana.

Nilikupa karatasi ya kanuni. Uliikunja
ukaitia mfukoni kama risiti ya petroli.
Ningekusomea mwenyewe:
sikiliza kwanza.
Taja jina lako la mwito.
Masafa ya polisi si shamba la bibi.
Usipokee hata senti.
Na ile moja uliyoipenda, ya uhai wa mtu
unaponing'inia na njia nyingine zote zimekatika,
ndipo utumie chochote kilicho mkononi.
Gaylen, ule ni mlango wa dharura,
si wa kupitia kila asubuhi kwenda kununua mkate.

Lakini wewe ulitaka kila asubuhi iwake moto.
Ndama akikwama topeni, ulitangaza mkasa.
Taa ya barabarani ikizimika, uliomba hewa iachwe wazi,
kisha ukaijaza wewe.
Lori la mahindi lilipopinduka, ulimwamuru askari asogee,
kwenye masafa yake mwenyewe.
Barua ya onyo ikaja na muhuri wa serikali;
mama yako akaibandika kwenye friji.

Kisha Machi, barafu ya mto Loup ikavunjika.
Mapande mapana kama milango ya ghala yakapanda kingo,
simu zikafa moja baada ya nyingine,
kama mtu azimaye taa akienda kulala.
Nilikuwa mezani, kalamu mkononi, zamu yangu.
Na hewani, wewe.
Wewe uko njia panda. Wewe unaona maji.
Wewe una nusu tangi ya mafuta.
Wewe unauliza nani anakusikia.

Chini ya sauti yako palikuwa na kitu chembamba,
mkwaruzo wenye umbo la neno.
Nikataja jina langu la mwito, nikataja lako,
nikasema: "Gaylen, achia kitufe."

Kimya.

Ndani ya kimya kile akatoka Ardis Novotny,
miaka themanini na mmoja, redio ya marehemu mumewe,
betri ikikata roho:
yuko darini, maji yamefika ngazi ya sita,
na ana paka.
Hakuwa na leseni. Hakuihitaji.
Mlango ule, usiku ule, ulikuwa wake.

Mashua ilimfikia saa saba kasoro.
Hukuiendesha wewe.
(Paka aliruka kivyake, akarudi Alhamisi.)

Wewe nilikuwa nimekutuma daraja la kaskazini
kutazama mistari iliyochorwa kwenye nguzo
na kuniambia kila robo saa maji yako wapi.
Nikiri: nilitaka tu uniondokee njiani.

Jina la mwito. "Futi kumi na moja. Hakuna mabadiliko."
Robo saa.
Jina la mwito. "Hakuna mabadiliko."
Baadaye nilijua ulizima vimulimuli vyako vyote
ili betri itoshe kusema maneno hayo.

Saa kumi na moja alfajiri sauti ilikuwa imekukauka,
meno yakigongana, huna mkasa hata mmoja wa kutangaza.
"Futi kumi na moja," ukasema. "Hakuna mabadiliko."
Niliandika, mstari wa ishirini na tano,
na chini ya daraja lako, kwenye ukumbi wa shule,
watu mia mbili wasiokujua
wakageukia ubavu wa pili.