Daftari la Posho

Nilifika Budalang'i na maswali arobaini na mawili,
yamepigwa chapa, yana namba, yana kibali cha chuo.
Swali la tisa: *Huzuni yako unaielezaje?*
Nabwire akanitazama, akatazama viatu vyangu,
akasema, "Shika ndoo."

Tukazoa tope nyumbani kwa dada yake hadi adhuhuri.
Tope la Nzoia halina haraka:
leo larudisha kijiko, kesho kiatu kimoja cha mtoto,
cha pili linabaki nacho.

Tuta lilipasuka Jumanne usiku.
Kila mtu aliniambia hivyo, Jumanne, Jumanne,
kana kwamba siku nayo ilipaswa kushtakiwa.

Sikujua utafiti uanzie wapi
hata nilipotumwa unga kwa Mudibo.
Kinu kimenyamaza, mota imekunywa maji,
lakini daftari la madeni lilikuwa juu ya kenchi.
Alilinusuru kabla ya godoro.

*Auma, gorogoro mbili.*
*Ojanga, gorogoro moja na nusu.*
*Mama Paskalia, shilingi thelathini.*
Waliokufa hawakufutwa.
Mbele ya kila jina, kwa wino mwingine:
amelipiwa,
amelipiwa,
amelipiwa na jirani asiye na paa.

Nikauliza kwa nini (swali hili sikuja nalo).
Mudibo akacheka, cheko la mtu aliyezika wawili:
"Mfu hazikwi na deni, dada.
Sasa tuwaendee tunaowadai sisi."

Akaligeuza daftari, akalifungulia nyuma.
Huko hakukuwa na unga.
Kulikuwa na mawe ya tuta yaliyolipiwa yasifike,
malori saba, tarehe, nani aliyaona yakipita tupu,
na chini sahihi, na vidole gumba vya rangi ya mto.
"Wino uliisha," alisema Nabwire. "Tope halikuisha."

Alhamisi wakaenda afisi ya kaunti kwa miguu.
Hawakuimba. Kila mmoja na gorogoro ya tope.
Wakazipanga mezani kwa karani,
wakangoja risiti.
Karani akasema hana kitabu cha risiti za tope.
Wakarudi wiki iliyofuata.
Na iliyofuata.

Msimamizi wangu anataka nadharia.
Nimekwama sura ya pili.
Lakini ukurasa wa thelathini na moja nimo,
*Jerotich wa maswali, gorogoro moja,*
na mbele yangu pako wazi.
Kila nikienda na pesa mkononi
Mudibo hana chenji.