Gari Hutazama Mashariki

Mwaka wa kumi na tisa nafua mashuka ya loji,
na wageni nawajua kwa walichoacha kitandani:
huyu alilala katikati kama mfalme,
hawa kila mtu na ukingo wake,
yule alilia; foronya ina chumvi na wanja,
kwa sababu, aliniambia, alimwona chui.

Nguo zao zina rangi ya vumbi kabla vumbi halijazigusa.
Mifukoni nakuta mbegu, risiti, jino la mtoto,
siku moja unyoya wa kanga umekunjwa ndani ya karatasi
kama kitu cha benki.
Kila chumba kina bwawa lake. Tembo huja kulinywa,
na wageni hushika vinywa vyao wasipige kelele.
Wahenga walisema siku ya tatu mgeni mpe jembe;
hapa siku ya tatu hupewa bili,
huitia saini bila kuisoma, kisha huomba kupiga picha nami.

"Mihloti, wewe wamewahi kukuonyesha chui?"
Kuonyeshwa, hapana.
Nilimsikia juu ya bati la banda, mwaka wa ukame.
Asubuhi tulikuta kamba ya mbuzi,
fundo la mama halijalegea hata kidogo.

Alfajiri moja ya Juni mume wa Bi Godelieve akashikwa na tumbo.
Kiti kimelipiwa, alisema yule mama, hakitapanda peke yake,
akanishika mkono na kapu la taulo ningali nalo.
Meneja akatazama viatu vyake. Rikus, dereva, akatazama mbingu.
Khazamula, binamu yangu, yuko kwenye kile kikiti cha mbele
karibu na taa, anaposoma mchanga kama hati ya mahakama.
Hakugeuka, ila niliona mabega yake yanacheka.

Nikapanda. Nikapewa blanketi nililolifua Jumatatu.

Nitasema kweli: macho hayana pazia, lakini usingizi yanao.
Hakuna aliyewahi kunikalisha saa nzima bila kunituma kitu.
Nililala. Redio ikakoroma, gari likavuka mto mkavu,
tandala, nasikia, walisimama karibu hata ungehesabu mistari,
na chui jike akapita kando ya gurudumu, upande wangu,
akainua uso, akanikuta nimeachama kinywa.
Bi Godelieve anayo picha: mimi na chui pamoja,
mmoja wetu macho wazi.

Niliamshwa na harufu ya kahawa, juu ya mwamba.
Meza imetandikwa kitambaa changu
(nalijua lile doa la divai lililonishinda,
huwa wanalifunika kwa sahani ya biskuti).
Gari limeegeshwa likitazama mashariki, kama kila siku,
na wageni wakafuata pua ya gari, wakalielekea jua,
wakanong'onezana jinsi nchi hii ilivyo tupu.

Mimi nikageuka.

Nyuma yetu, ng'ambo ya uzio wa umeme,
bati, na bati, na bati,
moshi umelala chini kwa baridi,
shule yenye ukuta wa njano,
na njiani toroli la madumu manne
linasukumwa na mtoto mwenye sweta jekundu
ambalo mkono wake wa kushoto niliufuma mara mbili.
Nyiko. Anakwenda bombani kabla ya kengele.
Gurudumu lile hulia barabara nzima;
sikulisikia, lakini nalijua.

Khazamula akaja na vikombe viwili,
akasimama kando yangu, mgongo kwa jua.
"Kila siku," alisema, "nasimama hivi.
Rikus hudhani natafuta nyayo."

Akanywa. Nami nikanywa.
Sukari ilikuwa imezidi.